Kiatu Kimoja cha Ngozi ya Sili

Evere, Brussels
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Hamisi bin Kassimu, Buyenzi, Bujumbura.

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa mzima. Magoti tu ndiyo yanayodai haki yao kila nipandapo ngazi. Nataraji barua hii itakukuta na afya, na kwamba lile jino lililokusumbua mwezi wa Ramadhani umekwisha kuling'oa badala ya kulibembeleza. Shemeji yangu, mkeo, presha yake imeteremka? Paa la upande wa jikoni limezibwa kabla ya mvua? Nijibu haya moja baada ya jingine. Usiniambie "sisi wazima tu", kama mtu anayefunga mlango mgeni angali barazani.

Nimechagua barua kwa sababu simu wewe huikata. Mara mbili nimelitaja jina la marehemu binti yako, na mara mbili umesema mtandao ni mbaya. Mtandao wa Buyenzi naujua, Hamisi. Barua haikatiki. Bwana Saidi, yule fundi wa friji anayekuja kuwaona wazazi wake, anasafiri kesho, na Alhamisi itakuwa mikononi mwako.

Jambo lenyewe naliweka mwanzoni, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Mwanangu Mwajuma alipojifungua mtoto wa kike miezi mitatu iliyopita, alitaka kumwita Rukia. Ulikataza. Ulisema hutaki kulisikia jina la mwanao likiitwa kuogeshwa, likikemewa na kutumwa dukani, ilhali mwenyewe yumo kaburini. Nilikutii, maana msiba ni wako. Serikali ya hapa haisubiri huzuni ya mtu. Jina la mtoto huandikishwa kabla siku kumi na tano hazijatimia. Mkwe wangu Idi akaenda akaandika Salma. Ni jina zuri, lakini mama yake hajalitamka hata mara kumi. Humwita "mtoto".

Leo nakuomba ulifungue jina la Rukia. Kabla hujakasirika soma mpaka mwisho, kwa sababu aliyenifumbua macho si wa ukoo wetu, wala si wa dini yetu, na nchi yake haina hata mti wa kukaa kivulini.

Katika jengo letu, ghorofa ya pili, anakaa mwanamke kijana aitwaye Nivi, kutoka Grinlandi, kile kisiwa kikubwa cha barafu kilicho chini ya Denmaki. Amejifungua mtoto wa kike, mkubwa kwa Salma wiki tatu. Mama yake, Bibi Arnaq, aliletwa kumsaidia malezi kama nilivyoletwa mimi. Bibi Arnaq ni mfupi, uso mpana, macho membamba yanayocheka kabla ya mdomo. Ni rika langu. Hajui Kifaransa, nami sijui Kideni, sembuse lugha yao. Nivi hutufasiria, na asipokuwepo tunatumia mikono.

Hao ndio watu niliowafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, kwamba wanaitwa Waeskimo na kwamba wanaishi katika nyumba za barafu. Kitabu chetu kilisema hivyo, nami sikukihoji. Jina hilo walibandikwa na wengine, na wengi wao hawalitaki. Wao hujiita Inuit, yaani watu. Mmoja wao ni Inuk. Nyumba ya Bibi Arnaq ni ya mbao, imepakwa rangi nyekundu, nayo ina mashine ya kufulia iliyo nzuri kuliko hii yetu. Wanafunzi wangu siwezi kuwakusanya tena. Wawili au watatu wako mtaani kwako. Ukiwaona, waambie Mwalimu Zaituni amesahihisha.

Tulikutana katika chumba cha kufulia, chini ya jengo. Alikuwa amempakata mjukuu wake, naye Nivi anakunja nguo. Mtoto akalia. Bibi Arnaq akamwambia neno kwa upole mkubwa, nami nikamwuliza Nivi amesema nini.

"Anasema, mume wangu ameamka na njaa."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amevaa gauni la waridi.

"Mume wangu asilie," Nivi akaendelea kufasiri, bila hata kuinua macho kutoka kwenye soksi. "Kahawa yake inakuja."

Hamisi, nilimhurumia yule bibi. Nikamvuta Nivi kando, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha shule, nikichagua kila neno: "Mwanangu, usione aibu. Uzee una mitihani yake. Binti yangu anahudumia wagonjwa katika hospitali kule Woluwe, anaweza kuwaonyesha daktari wa akili."

 Nivi akacheka mpaka akashika mashine ya kukaushia. Akamweleza mama yake. Bibi Arnaq hakucheka. Alinitazama kama nilivyozoea kuwatazama wanafunzi wanaojibu kabla swali halijaisha, akauliza jambo moja.

"Mama anauliza," akasema Nivi, "kwenu mtu akifa, jina lake linakaa wapi?"

Nami mwalimu nikamrudishia swali lake: kwao linakaa wapi?

Ndipo wakanieleza. Mume wa Bibi Arnaq aliitwa Minik, mvuvi na mwindaji. Alifariki mwaka jana baharini, barafu ilipompasukia. Kwao jina la marehemu hupewa mtoto atakayezaliwa baada yake, awe wa kike au wa kiume, na pamoja na jina hupewa undugu wake wote. Kwa hiyo kitoto kile cha gauni la waridi kinaitwa Minik. Bibi yake humwita mume wangu, na Nivi mwenyewe, aliyemzaa, humwita baba. Wazee waliovua pamoja na marehemu huja kumwamkia na kumletea samaki, nao hukaa wakimsimulia hali ya bahari. Bibi Arnaq ameanza kumshonea buti fupi za kiume, kwa sababu Minik hakuvaa za kike.

Nilisimama na kikapu changu nikamkumbuka bibi yetu mzaa baba. Unamkumbuka alivyokuwa akikuita? "Mume wangu, njoo ule, wake wenzangu wasikuone!" Nawe ukikimbilia uvunguni. Mtaa mzima ukicheka, na hakuna aliyempeleka kwa daktari. Kilichonishtua kwa Bibi Arnaq hakikuwa neno, ni gauni. Sisi tulilifanya utani. Wao wamelifanya nguzo ya nyumba.

Usije ukadhani nimeacha dini yangu kwenye mashine ya kufulia. Habari za roho hatukukubaliana. Nilimwambia wazi kwamba roho zina Mwenyewe na hazirudi. Akajibu kwamba naye huenda kanisani kila Jumapili, na kwamba hakuniuliza habari za roho, aliniuliza habari za jina. Nikaona amenishinda kwa haki.

Tangu hapo tumekuwa marafiki. Juma moja nilimpeleka Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo. Tulipoingia kwa Maman Furaha, muuza vyakula kutoka Bukavu, Bibi Arnaq akasimama, akavuta pumzi kwa nguvu, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la ndagala wakavu wa Tanganyika. Akachukua mmoja, akamtafuna na kichwa chake. Akachukua wa pili. Nakuandikia maneno ya Maman Furaha kama alivyoyasema, ingawa kalamu yangu inaumia.

"Maman Zaituni! Muzungu wako anakula ndagala mubichi! Mumwambie hapa hatupimaka na meno!"

"Si Mzungu."

"Alors, ni Muchina?"

"Ni Inuk."

"Ile ni kabila ya wapi?"

"Ya mwisho wa dunia, juu kabisa."

"Bon," akasema Maman Furaha, akimjazia mfuko. "Mutu anajua ndagala, huyo ni wa kwetu. Karibu, maman!"

Nivi alinifafanulia baadaye kwamba kwao wapo samaki wadogo kama hao, ambao huanikwa juu ya mawe ya pwani wakati wa kiangazi. Bibi Arnaq alikuwa hajacheka vile tangu aje Ulaya.

Siku nyingine alikuja jikoni kwetu nilipokuwa nikikanda unga wa chapati. Akamwaga unga mezani, akausawazisha kwa kiganja, akachora nchi yao kwa kidole. Hapa Grinlandi. Hapa Kanada. Hapa Alaska, kwa Wamarekani. Akavuka mkondo mwembamba wa bahari, akagusa ncha ya Urusi. Watu ni wamoja, lugha zao ni ndugu, serikali ni nne. Alinitazama kama anayetarajia nishangae. Nikachukua unga wangu, nikamchorea Tanganyika: Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia. Maji mamoja, serikali nne. Nikamwonyesha nilipozaliwa na nilikokimbilia wakati wa vita, upande wa Kigoma. Alicheka akapiga meza, unga ukaturukia sote wawili. Mwajuma aliporudi kutoka kazini alitukuta weupe kama mizuka. "Donc, mama," akasema, "mmeshazeeka au mmeanza utoto upya?" Nikamwambia aseme "kwa hiyo", na aoshe meza.

Usidhani ni watu wa kucheka tu. Nivi kazi yake ni kuwaeleza wakubwa wa Ulaya mambo ya nchi yao, hasa habari za sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya mafupi na mapezi mahali pa miguu. Kwao sili ni kama ng'ombe kwa Warundi: nyama, mafuta, ngozi na heshima. Ulaya ilizuia biashara ya ngozi hizo, kisha ikawaachia Inuit mlango mdogo, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kukimbia. Wiki iliyopita tulikuwa ndani ya basi, Bibi Arnaq amevaa buti zake za sili. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akamtazama miguu, akasema kwa sauti, "Wanyama masikini!" Bibi Arnaq hakuelewa, akamtolea tabasamu. Mimi nilielewa. Nikamwuliza yule mama, "Madame, na huo mkoba wako, ng'ombe aliutoa kwa hiari yake?" Aliteremka kituo kilichofuata. Sijui kama kilikuwa kituo chake.

Na siku hizi kwenye televisheni wakubwa wa mbali wanaizungumzia Grinlandi kama watu wanaopita mbele ya kiwanja wakiuliza bei. Habari hizo zikianza, Bibi Arnaq huzima televisheni, hata iwe ya mwenyeji. Alizima yetu. Idi alikuwa akingoja matokeo ya mpira, akaenda kuyatafuta kwenye simu.

Sasa nakuja palipo pazito. Nivi alinihadithia kwamba zamani, upande wa Kanada, serikali ilishindwa na majina yao, ikawapa kila mmoja kibati chenye namba cha kuvaa shingoni. Bibi wa rafiki yake alikuwa nacho. Shuleni na zahanati aliitwa kwa namba hiyo. Nyumbani, walipofunga mlango, waliitana majina yote ya wafu wao, mmoja baada ya mwingine, ili yasipotee.

Nilipolisikia hilo niliweka kikombe chini, maana nilimwona mama yetu. Ulikuwapo, Hamisi. Ulikuwa umeshika upindo wa kanga yake katika foleni ya unga, kambini kwa wakimbizi. Karani akaita namba yetu. Mama hakusogea. Akaita tena. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele, "Mama, sogea, tuna njaa!" Mama akasema, "Na mimi nina njaa. Lakini namba haili unga. Mimi ni Rukia binti Hassani." Alisimama pale, jua la saa saba kichwani, mpaka karani akachoka, akaliita jina. Ndipo akanyoosha mfuko. Siku zote zilizofuata, karani yule alimwita Rukia binti Hassani, naye akaanza kuwauliza na wengine majina yao.

Hilo ndilo jina unalolizuia. Halikuanza na binti yako. Lilikuwa la mama, na mama alipofariki ulimpa mwanao aliyezaliwa baada yake. Nakumbuka siku ya arubaini ya mtoto. Ulimbeba mkononi, hana jino hata moja, ukamwambia, "Shikamoo, mama." Ulimwita mama mpaka siku ya mwisho wake. Alipokuwa na miaka sita ulimwambia, "Mama, niletee maji," naye akakujibu, "Mwanangu, ngoja kwanza nimalize kucheza." Wewe mwenyewe ulinihadithia, umeshika mbavu kwa kucheka. Nani alikuona kichaa? Ulikuwa Inuk wa Buyenzi, nasi hatukujua.

Kwa hiyo naelewa kwa nini umeanguka kiasi hiki. Homa ile mwaka juzi ilikunyang'anya binti na mama katika mtu mmoja. Sikulaumu. Lakini jina ulilolipokea likiwa hai ukalifungia ndani, si mali yako peke yako. Mwajuma alilala mkeka mmoja na Rukia tangu wangali wachanga. Walikula sahani moja na kuchapwa kwa kosa moja. Ana haki ndani yake. Nami ni binti wa Rukia wa kwanza. Nina haki pia, ingawa nimenyamaza.

Wiki mbili zilizopita Bibi Arnaq alimpakata Salma. Akauliza kupitia kwa Nivi, "Huyu amepewa jina la nani?"

Mwajuma akajibu, "Si la mtu. Ni jina tu, zuri."

Bibi Arnaq akamtazama mtoto muda mrefu. "Masikini," akasema. "Basi anakaa peke yake humo ndani?"

Mwajuma alisimama akaingia bafuni, akafungua maji ya bomba yatiririke ili tusimsikie. Tulimsikia.

Bibi Arnaq hakuomba radhi, na wala hakustahili kuiomba. Alikwenda kwake akarudi na kipande cha ngozi ya sili, sindano, na kifuko cha vipande vidogo vya ngozi zilizotiwa rangi. Wanawake wa kwao hupanga vipande hivyo, vidogo kama punje ya mchele, wakashona pambo mfano wa mkeka wetu wa ukili. Akampima Salma miguu kwa uzi. Usiniulize kuhusu ngozi. Nimemwuliza sheikh, naye amesema ikishatengenezwa ni safi. Kiatu cha kwanza amekimaliza, ila pambo. Kipo mezani mbele yangu ninapoandika, nacho si kikubwa kuliko yai la bata.

Hapo ndipo alipokwama. Pambo, anasema, hufuata rangi aliyoipenda mwenye jina. Minik alipenda nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mjukuu wake ana nyeusi na nyeupe. "Na huyu wenu?" akauliza. Nilimweleza kwamba yuko Rukia wa kwanza, mama yangu, na Rukia wa pili, binti wa ndugu yangu, na kwamba ndugu yangu hajakubali. Akasema atashona kwa Rukia wa karibu, ambaye hajapata wa kumwitikia. Mwajuma akasema ni bluu. Mimi nilidhani ni nyekundu, kwa sababu ya kile kitambaa alichovaa katika harusi moja ya mtaani. Tukabishana mpaka tukaona kwamba wote wawili tunakisia. Mwajuma aliondoka Rukia angali msichana, nami sikuwahi kumwuliza. Wewe ndiye uliyekuwa ukimnunulia nyuzi za cherehani kila Jumamosi. Ni wewe tu unayejua.

Uamuzi wangu, kama mkubwa wako, ni huu. Karatasi za serikali zibaki na Salma. Jina hilo halina kosa. Nyumbani aitwe Rukia, kwa ridhaa yako, maana jina la kuibiwa halina baraka. Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, nitakupigia simu. Nitaiweka kwenye sikio la mtoto, si langu. Ukinyamaza nitakuelewa, na maadamu niko hai sitalitaja tena. Lakini nakujua tangu siku uliyozaliwa, nami sitarajii unyamaze. Usihangaike na hotuba. Mwamkie tu kama ulivyowaamkia wale wawili waliomtangulia.

Nisalimie mkeo, umwambie kwamba dawa ya presha humezwa kila siku, si siku za kuumwa tu. Nisalimie mwanao mkubwa Kassimu, fundi wa baiskeli, aliyebeba jina la baba. Mwite baba mbele yangu siku moja nisikie. Shangazi Mwanaidi, anayeuza mkaa, mwambie shali yake ya sufu inakuja na Bwana Saidi, asiigawe. Imamu wa msikiti mdogo, aliyekuwa mwanafunzi wangu mtoro, namwombea dua naye aniombee. Mwajuma na Idi wanakuamkia.

Bibi Arnaq anarudi kwao Jumapili, na safari ni ndefu. Sindano yake imechomekwa katika kile kiatu, mahali pambo linapoanzia. Kila asubuhi anapanda ngazi na kifuko chake, ananitazama, nami namjibu kwa kichwa kwamba bado. Kwa hiyo Ijumaa, ukishamwamkia mama, niambie na mimi: Rukia alipenda rangi gani?

Ni mimi dada yako,
Zaituni binti Kassimu